Jiwe Lililokata Kitovu

Jua lilikuwa linazama Ngalula alipotoka stesheni ya Kolwezi kutafuta kitu chenye makali. Binti yake Mbombo alikuwa katika uchungu wa kuzaa chini ya turubai, katikati ya familia zenye asili ya Kasai zilizofukuzwa mjini mwaka ule wa 1993. Vijana wa mji walikuwa wamewapora hata visu vya jikoni.

"Bilulu! Murudi kwenu!" walipiga kelele. Wadudu, ndilo jina walilowapa. Ilhali Ngalula mwenyewe alizaliwa hapohapo Kolwezi.

Korongoni, nyuma ya reli, akasikia sauti.

Ka... ka... ka...

Jiwe juu ya jiwe. Harufu ya kuungua. Mzee alikuwa ameketi, akigonga ukingo wa jiwe kwa kokoto la mviringo, na kila pigo lilibandua kipande chembamba. Vipande vilimfukia hadi magotini. Alionekana kama hajawahi kuinuka pale.

"Unatafuta nini, mama?" alinong'ona bila kuinua uso.

"Kisu, tata. Mutoto anazaliwa," Ngalula alijibu, akimwita baba kwa heshima.

Akamnyooshea kipande kimoja. Mkono wake ulikuwa baridi... baridi mno.

"Kitovu kikianguka, zika hapa, pamoja na hii jiwe. Mwenye kuzaliwa hapa, ni wa hapa."

Chini ya turubai, jiwe lilikata kitovu mara moja tu. Mtoto wa kike akalia.

Siku ya sita kitovu kikadondoka. Treni ya kuwapeleka Kasai nayo ikafika. Ngalula aliijua desturi ya kuzika kitovu mahali mtoto alipozaliwa, lakini hasira ilimkaba. Ardhi inayomfukuza ipewe kitovu cha mjukuu wake? Thubutu! Akafunga kitovu na jiwe kwenye pindo la kitenge, akapanda pamoja na Mbombo na mtoto.

Jioni ya pili njiani...

Ka... ka... ka...

Akasikiliza chini ya behewa. Siyo huko. Akafungua pindo. Jiwe lilikuwa limetulia, ila makali yake yalilowa damu mbichi.

"Mama," Mbombo alinong'ona, "mutoto iko baridi."

Ngalula akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto.

Ka... ka... ka...

Akakimbilia mlangoni, akamshika mkono askari wa treni.

"Simamisha, tata! Mi narudia Kolwezi! Kuko kitu nilisahau kuzika!"

Askari akacheka, akamsukuma ndani.

"Kolwezi? Kule haiko kwenu."