Sindano Haikufika Sifuri

Kila Jumamosi, akishamaliza kufagia na kuchota maji, Evodia alikwenda kumsaidia baba yake, Fundi Lameck, katika karakana yao ndogo mjini Dodoma. Ilikuwa mwaka 1993. Maduka yalijaa redio mpya kutoka Dubai, lakini fundi aliendelea kutengeneza amplifaya za zamani za valvu, zile chupa za kioo zinazowaka kama taa ndogo.

Siku hiyo mezani palikuwa na amplifaya mbili za gitaa la besi. Mwalimu Optatus wa kwaya ya Nzuguni alitaka kununua moja, na fundi alipaswa kuzisafisha, kisha kuzilinganisha kwa gitaa lilelile na spika ileile.

Amplifaya ya valvu huhifadhi umeme mkali hata ikichomolewa ukutani. Baba aliunganisha waya wa kuutoa. Kazi ya Evodia ilikuwa kutazama sindano ya mita mpaka ifike sifuri, kisha kufunga kitambaa chekundu kwenye kishikio chake, ishara kwamba ni salama kuigusa. Kwa amplifaya ya kwanza ilifika. Kwa ya pili ilisuasua, na nje rafiki yake Violeth alikuwa akimwita wakacheze rede. Evodia akazima mita, akafunga kitambaa, akatoka mbio.

Aliporudi, Mwalimu Optatus alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameziba mlango.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Pita, pita."

Evodia akajibanza kati ya meza na ukuta. Baba alikuwa anamalizia ya kwanza.

"Huyu akifunga kitambaa," baba alisema, "mimi naingiza mkono bila wasiwasi."

"Una bahati, fundi. Waimbaji wangu nikigeuka tu, kila mtu na sauti yake."

Walicheka. Evodia hakuweza kucheka. Akisema, ataitwa mwongo mbele ya mwalimu. Akinyamaza, baba atagusa. Mlango umezibwa, na hata ungekuwa wazi, kukimbia kusingeuondoa umeme ule. Baba akavuta ya pili, akainua bisibisi.

"Baba, usiguse."

"Kuna nini?"

"Sindano haikufika sifuri. Nilifunga tu, nikaenda kucheza."

Mkono wa baba ukarudi polepole. Akawasha mita. Sindano ikapanda hadi volti mia tatu. Akaukagua waya: ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake. Mwalimu akaacha kutabasamu.

Waya mwingine ukaunganishwa, na Evodia akatazama mpaka mwisho. Zilipolinganishwa, ya kwanza ilikuwa na nguvu, lakini noti za chini za ya pili zilisikika wazi zaidi. Mwalimu akaichukua hiyo.

Walipobaki wawili, baba alisema, "Nami nilikosea. Kuanzia leo nitapima mwenyewe kabla ya kugusa. Lakini wewe, mwanangu, ulinyamaza mpaka mkono wangu ukakaribia kugusa. Ukikosea, sema palepale, hata kama kuna mgeni. Aibu huisha siku hiyohiyo. Lakini kama ningekufa, ungemwambia nani ukweli?"