Duara la Buluu

Kila alfajiri nyumba yao ilinukia vitu viwili: mikate na rangi. Mikate ilikuwa ya Mama, mwoka mikate wa mtaa. Rangi ilikuwa ya Baba, fundi wa kuandika mabango. Binti yao wa miaka kumi na miwili alirithi kipaji cha Baba cha kuchora, na sare yake ya shule haikukosa doa hata siku moja. Ndiyo maana watu walimwita Madoa, naye akaitika bila kinyongo.

Siku hizo mafuta ya magari yalikuwa yameadimika. Serikali ikatangaza hatua za dharura redioni: kila gari litembee siku moja na kupumzika siku inayofuata, vituo visijaze mafuta kwenye madumu, na ofisi zifungwe kila Ijumaa. Magari ya lazima tu ndiyo yaliyoruhusiwa kutembea kila siku, nayo yalichorwa duara la buluu mlangoni. Kazi ya kuyachora alipewa Baba, uani mwa ofisi ya wilaya, mbele ya karani. Mama naye aliomba duara kwa ajili ya gari lake dogo la mikate, akawa anasubiri jibu.

Siku za gari kupumzika, Mama na Madoa walisukuma mkokoteni. Uzito haukumsumbua Madoa. Kilichomchoma ni wanafunzi wenzake waliomsubiri njiani.

"Dereva, washa taa!"

"Dereva, umejaza dizeli?"

Kiongozi wa kelele hizo alikuwa rafiki yake mwenyewe, msichana aliyeitwa Kicheko. Madoa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ijumaa moja, siku ya mkokoteni, Baba aliondoka mapema kwenda kuandika kibao cha zahanati. Mama alikuwa akihangaika na tanuri. Madoa akaliona kopo la rangi ya buluu limeachwa stoo, na brashi juu yake. Akili ilimwambia acha, mkono ukamwambia chora. Akachora duara mlangoni mwa gari, limeviringana kama sahani.

"Mama! Duara letu limetoka! Baba amelichora kabla hajaondoka."

"Afadhali!" Mama akashusha pumzi. "Mgongo wangu ulishaanza kudai talaka."

Wakapakia mikate. Madoa akaketi kiti cha mbele, shingo juu, akimtafuta Kicheko kwa macho.

Kwenye njia panda walisimamishwa na askari wa barabarani. Mtaani walimwita Bwana Filimbi, maana hata kuku akivuka vibaya alipigiwa. Alitaka mkate tu. Akaegemeza mkono mlangoni, akachagua ulioiva vizuri. Alipouinua mkono, shati lake jeupe lilikuwa na nusu duara la buluu.

Akalitazama shati. Akautazama mlango.

"Mama, leo siku gani?"

"Ijumaa, afande."

"Ijumaa ofisi zimefungwa, na rangi hii mbichi. Nani kachora?"

"Mume wangu, leo alfajiri," Mama akajibu bila wasiwasi.

Tabasamu la Bwana Filimbi likatoweka. Akamwona Baba akiandika kibao cha zahanati, ng'ambo ya barabara tu, akamwita. Baba alikuja na brashi sikioni.

"Fundi, kazi hii ulipewa kwa kuaminiwa," askari alisema. "Kumbe unajichorea nyumbani! Nitapeleka taarifa, na kazi watapewa wengine."

Baba aliinama kulitazama duara. Madoa alijua limetambuliwa, kwani alichora kwa mkono wa kushoto, na Baba alizoea kumtania kwamba maduara yake yanafungwa upande wa pili. Macho yao yakakutana.

"Rangi ni yangu, afande," Baba alisema kwa sauti ya chini.

Moyo ulimuuma Madoa. Wanafunzi walishakusanyika, Kicheko mbele yao, lakini aibu ya mkokoteni haikuwa kitu tena. Baba angepoteza kazi kwa kosa lake. Akashuka garini.

"Shikamoo, afande. Nimechora mimi. Baba hajui lolote, na Mama nimemdanganya. Nilikuwa naona haya kusukuma mkokoteni." Machozi yakamtoka.

Bwana Filimbi alimtazama, kisha akamgeukia Baba.

"Fundi, nisamehe. Nimekutuhumu bure. Na wewe, mtoto wa mchora mabango, hujui kwamba rangi hungojewa ikauke?" Alijaribu kukunja uso, kicheko kikamponyoka. "Lifute sasa hivi. Gari lipumzike hapa hapa, mikate iende kwa mkokoteni. Na shati langu?"

"Linatoka kwa mafuta ya taa, afande," Madoa alisema huku akijifuta kamasi.

"Mafuta ya taa! Siku hizi niyapate wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mama peke yake hakucheka. "Umenifanya nimwambie askari uongo bila kujua," alimwambia Madoa. "Limeniuma hilo."

"Nisamehe, Mama."

Mkokoteni ulipoletwa, Kicheko aliushika upande mmoja. "Sogea, dereva. Leo mimi utingo wako." Mikate ikafika, nao wakafika shule wakihema.

Wiki iliyofuata jibu la ofisi lilikuja: ombi limekataliwa. Madoa alidhani Mama atakasirika, lakini alitikisa kichwa tu.

"Wana haki. Mikate yetu inafika kwa miguu. Mgonjwa mahututi hafiki kwa miguu. Dizeli iliyopo iende kwake."

Jioni hiyo Baba alimpa Madoa kopo la rangi na brashi. "Uandike mkokoteni." Madoa akafikiri, kisha akaandika ubavuni, herufi kubwa: HAUNYWI MAFUTA. Baba akacheka hadi akakohoa. Kisha akachutama karibu naye.

"Mwanangu, uongo ni rangi mbichi. Uliuchora peke yako, lakini mama yako aliuegemea akachafuka, nikachafuka mimi, na afande wa watu na shati lake. Ukweli ndio unaoegemeka."

Madoa akanyoosha kidole kuelekea kwenye herufi, akakirudisha. Akaketi kando ya mkokoteni, mikono mapajani, akangoja rangi ikauke.