Maji Yaliyomngoja Mama

"Mama Marthe, kama bwana yako iko Albertville, ni nani anakohoa mu nyumba yako?"

Immaculée, jirani, aliuliza vile akiwa mlangoni, karai ya ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kichwani, hata jambo hajasema. Marthe aliacha mwiko ndani ya bugali.

"Ni mbuzi."

"Mbuzi anakohoa na sauti ya mwanaume?"

"Unatafuta nini kwangu, Immaculée?"

"Natafuta chumvi tu. Lakini hiyo mbuzi yako, umupatie dawa."

Akachukua chumvi, akaenda anacheka.

Mji mzima wa Baraka ulijua kwamba Fabien alikwenda Albertville kupakia mizigo kwenye meli. Ni Marthe mwenyewe aliyewaambia, tena mbele ya kanisa. Kumbe Fabien alikuwa chumba cha nyuma. Alirudi usiku kutoka machimbo ya dhahabu baada ya shimo kuanguka na kumfunika rafiki yake Anatole. Tangu siku ile hasemi. Ngurumo ikipiga anaingia chini ya kitanda.

Marthe alimpenda. Alimlisha kwa mkono wake, akamkata kucha, akamwombea kila asubuhi. Lakini aliona haya. Alikwisha kuona vile watoto wa sokoni wanamtupia kichaa maganda ya miwa huku wakubwa wanacheka. Basi sala yake ilikuwa ile ile: Bwana, umuponyeshe kwanza, mbele batu hawajamuona.

Swali la Immaculée lilimtia hofu. Jumapili, watu wote wakiwa kanisani, alimfunika Fabien shuka mpaka usoni, akamshika mkono wakapanda njia ya kwenda Fizi. Kule kulikuwa na nyumba ya udongo ambamo watu wawili walitunza wagonjwa wa mawazo.

Wa kwanza ni Bonaventure, muganga wa hospitali aliyefuata maaskari mpaka Abisinia wakati wa vita. Aliona kule wanaume wasio na kidonda hata kimoja, na usingizi umewakimbia. Hakuwa na sindano ya ugonjwa ule. Akajifunza kukaa karibu na mtu na kumngoja aseme.

Wa pili ni Godelieve, mama wa Kibembe. Bibi yake alikuwa akitunza wagonjwa kwa mvuke wa majani na maji ya moto. Godelieve alipobatizwa alitupa hirizi za bibi, maji akabaki nayo.

"Huyu mama anafikiri maji inaondoa kila kitu," Bonaventure alimwambia Fabien siku ile.

"Na huyu anafikiri masikio yake njo inaponyesha mutu," Godelieve akajibu. "Angalia yenyewe. Ni kama majani ya ndizi!"

Fabien akacheka. Kidogo tu, lakini alicheka. Marthe aligeukia ukuta ili wasione machozi yake.

Bonaventure alimpa wavu uliochanika. Wakakaa wanashona pamoja, siku kwa siku, bila maneno. Halafu asubuhi moja Fabien akafungua mdomo.

"Niliacha mukono."

"Mukono ya nani?"

"Ya Anatole. Nilivuta, nilivuta. Kisha nikaacha, nikakimbia."

"Uliacha juu ya nini?"

"Juu ya woga."

Bonaventure hakumwambia pole, wala hakumwambia anyamaze. Alisogea, akashika upande mwingine wa wavu.

"Endelea, ndugu. Niko hapa."

Tangu pale maneno yakarudi. Hata utani wake ukarudi. Marthe alipomletea chakula, alionja, akakunja uso.

"Marthe, umetia chumvi mara mbili. Unanipenda sana, ao ulisahau?"

"Kula, we! Ukiacha, nampa mbuzi."

"Mbuzi gani? Hatuna mbuzi."

Marthe alicheka, kisha akakumbuka uongo aliomwambia Immaculée.

Godelieve alikuja akakaa nao.

"Sasa imebaki maji. Kwetu, mama aliyekuosha siku ulizaliwa, njo anakumwangia maji tena siku unatoka hapa. Fabien, mama yako iko muzima?"

"Iko kwetu, ku kijiji ya Swima," Fabien alijibu, macho yanang'aa. "Akisikia tu, atakuya mbio."

Godelieve alimtazama Marthe.

"Kama mama hayuko tena, shangazi anaweza. Haina neno. Lakini lazima nijue."

Marthe alijua kwamba hapo ndipo pa kusema. Aliona uso wa bwana yake, uliokuwa umeanza tu kupata damu.

"Iko muzima," akasema. "Ni mguu tu inamuuma. Hawezi safari."

"Atapanda mutumbwi. Mi nitatuma mutu."

"Hapana, mama Godelieve! Nitaenda mwenyewe."

"Wewe ubaki na bwana yako."

Na Godelieve akatuma mvuvi mmoja na neno hili: "Mama ya Fabien akuye. Mutoto wake anamungoja ku maji."

Siku zile Marthe hakuweza kusali. Alipiga magoti, akakuta mdomo mtupu.

Siku ya maji ilifika. Karai iliwekwa katikati ya nyumba, mvuke unapanda. Fabien alikaa kwenye kigoda, kifua wazi, anaangalia mlango. Miguu ilisikika nje.

"Mama?"

Aliyeingia ni Placide, mdogo wake, kichwa kimenyolewa chote. Alisimama pale kama aliyeona mzimu.

"Yaya? Kaka yangu, hauko Albertville?"

"Albertville ya nini? Mama iko wapi? Na kichwa yako, ni nani alikufa?"

Placide alimgeukia Marthe polepole.

"Shemeji. Ulituambia nini ku kilio? Siku ile mutu tulimutuma alikuletea habari ya kifo, si ulikuya Swima peke yako? Si ulilia mbele ya batu yote, ukasema patron yake ya kazi kule Albertville alimukatalia yaya ruhusa?"

"Placide, nakuomba..."

"Baba mudogo alisimama akasema mutu anayeacha mama yake azikwe na wengine, asikanyage tena ile kiwanja! Na we ulikuwa hapo, ukanyamaza!"

Godelieve alishika kichwa. Marthe alimtazama Bonaventure ili amsaidie. Bonaventure alitikisa kichwa.

"Mi siwezi kukusemea, mama. Umwambie mwenyewe."

Marthe alipiga magoti kando ya karai.

"Fabien, mama alikufa. Alikufa mbele sijakuleta hapa. Ulikuwa chini ya kitanda. Nilisema, nikikupeleka ku kilio, Swima yote itaona. Watasema bwana ya Marthe ni kichaa. Niliona haya."

"Haya juu yangu?"

"Juu yako. Ndiyo. Mungu anihurumie."

Fabien alivaa shati lake, kifungo kwa kifungo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Ni nani alimuosha?"

"Mimi."

"Ulishika kichwa yake?"

"Nilishika. Ku haya magoti yangu."

Fabien aliiangalia mikono ya mke wake. Aliiangalia sana, kama mtu anayetafuta kitu kilichobaki juu yake. Marthe aliinyoosha mbele yake.

"Bwana yangu, unitukane. Unipige, hata. Lakini usinyamaze tena. Nakuomba, usinyamaze."

Mdomo wa Fabien ulifunguka kidogo, ukajifunga. Alimpita, akainama chini ya mlango, akatoka. Nje alishika njia inayoteremka ziwani, ya kwenda Swima kwenye kaburi la mama yake, na Placide nyuma yake. Maji yalibaki ndani ya karai, bado yanatoa mvuke.