Sikio la Kushoto la Mwanaamina

Kila asubuhi kabla ya kengele, Mwanaamina na Zulfa walifagia uwanja wa shule yao pale Ufukoni. Mmoja anakusanya, mwingine anazoa. Walikuwa darasa la sita, na kati ya nyumba zao palikuwa na ua wa makuti tu.

Asubuhi moja Mwanaamina alikwenda shule peke yake. Tangu jana sikio lake la kushoto lilikuwa likilia ngiii, kama mbu aliyefungiwa ndani. Bibi yake alikwisha kumwambia, "Likilia la kulia, unatajwa kwa heri. La kushoto, mjukuu wangu, ujue unasengenywa."

Nani amsengenye? Siri yake ilikuwa moja, na aliyeijua alikuwa mmoja: Zulfa.

Akamkuta bombani na wasichana wengine, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Sikio likazidi kulia.

"Zulfa! Umenianika!"

"Nimekuanika nini, mwenzangu?"

"Usiniite mwenzako! Nilikwambia baba ameoa mke mwingine kule Msimbati, hatuletei hata salamu. Ukaapa husemi. Leo mnanicheka!"

Kicheko kikakatika. Saida, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akadakia, "Kumbe baba yako kaoa? Mbona sisi tunamcheka Kelvin, kaja kavaa shati ndani nje!"

Zulfa aliweka ufagio chini. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Hata mama yangu nilimficha," alisema. "Aliyekuanika ni wewe mwenyewe."

Mama yake Mwanaamina alipopata habari hakugomba. Alimshika mkono, wakaenda zahanati. Muuguzi Veronika akamulika sikio kwa tochi.

"Huwa unalisafisha na nini?"

"Bibi ananisafisha kwa unyoya wa kuku, kila Ijumaa."

"Ndiyo maana. Unyoya unaisukuma nta ndani, inaganda, sikio linalia. Na si nta peke yake. Spika za harusini, homa, hata dawa nyingine huleta mlio. Usibahatishe, mwanangu, wala usichokoe. Njoo upimwe."

Akampa dawa ya matone ya kulainisha nta. Waliporudi baada ya siku chache, akaliosha sikio kwa maji ya vuguvugu. Nta nyeusi ikatoka, mlio ukakoma.

Lakini Mwanaamina hakuwa na raha. Jioni alikwenda na mama yake kwa kina Zulfa, wakamkuta anamenya mihogo.

"Zulfa, nisamehe. Hakukuwa na masengenyo. Ilikuwa nta."

Zulfa hakuinua uso. "Sikio lako uliliamini. Mimi hukuniuliza hata neno moja."

 Mwanaamina akakaa, akachukua kisu kingine, akavuta muhogo. Zulfa hakumfukuza. Baada ya kitambo alimsogezea sufuria ili maganda yasimwangukie miguuni.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama alisema, "Sikio likilia, mwanangu, tunakwenda kwa muuguzi. Ukimshuku mwenzako, unamwita pembeni unamuuliza. Wewe ulilisikiliza sikio, ukampigia kelele rafiki. Sikio limepona kwa maji ya vuguvugu. Moyo wa Zulfa hauna dawa ya matone. Kesho nenda tena, na keshokutwa, mpaka akuamini."