Saa Iliyolia Kabla ya Maziko

Saa mbili na robo asubuhi.

Vernon Stott alifunga mlango wa chumba cha nyuma kwa komeo, akasukuma kando viti vibovu na kutandika gazeti mezani. Duka lake la vitu vya kale lilikuwa bado halijafunguliwa. Nje mvua ya Halifax ilikuwa ile ya siku zote, hainyeshi sana wala haikomi.

"Tangazo hili hapa," alisema. "Bwana Harold Lumb, mwenye kiwanda cha sufu. Jeneza linatoka nyumbani saa nne. Ibada saa nne na nusu. Kisha makaburini, kisha chai ya matanga kwenye ukumbi wa kanisa. Nyumba itakuwa tupu kama mfuko wa mlevi."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Wenzake walifungua gazeti kutafuta matokeo ya mpira, yeye alitafuta vifo. Wafiwa wenyewe walimwandikia saa ya kuondoka nyumbani.

Dougie Pell alikuwa anatafuna mkate uliopakwa mafuta ya nyama. Kijana wa machinjioni, shingo nene, kapelo haimtoki kichwani. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari na kubeba.

"Tunabeba nini?"

"Kitu kimoja tu. Norris, mwambie."

Norris Heaton alikuwa fundi saa. Alizunguka nyumba kubwa za bonde lile kutia ufunguo na mafuta saa za watu, akinywa chai yao. Akiona saa nzuri, alimwambia Vernon. Hakuna shida iliyomsukuma. Tamaa tu.

"Saa ya kabati," alisema. "Ya kusimama, inampita Dougie kwa urefu. Aliitengeneza Enoch Sharrow, hapahapa Halifax, enzi za mababu wa mababu zetu. Mlevi, mkali, alimpiga mwanafunzi wake kwa tupa mpaka akamtoa jicho. Lakini mkono wake hakuna aliyeufikia. Juu ya uso wa saa kuna mwezi. Unakua na kupungua sawa na ule wa mbinguni, ili mtu ajue usiku gani atarudi kutoka sokoni bila kutumbukia shimoni. Mwezi wenyewe una sura ya mtu."

"Sura yako?" Dougie aliuliza. "Basi mnunuzi atadai arudishiwe hela zake."

"Saa nyingi mnazoziona madukani ni kichwa cha huyu na kiwiliwili cha yule. Hii yote ni ya Sharrow."

"Na Mmarekani wa Liverpool anaitaka kabla meli haijang'oa nanga," Vernon alisema. "Ndiyo dili lenyewe. Maswali?"

"Nani anabaki nyumbani?" Norris aliuliza.

"Hakuna."

"Bibi Edith je?"

Edith Sugden alikuwa mtunza nyumba wa Lumb tangu ujana wake. Sikio moja lilikuwa limeziba, miguu imevimba.

"Atakuwa ukumbi wa kanisa akiwakatia watu paja la nguruwe."

"Niangalie machoni, Vernon."

Vernon akamwangalia. "Hakuna mtu."

"Maana mtu akifa katika wizi wetu, jaji haulizi nani alipiga. Kitanzi chetu sote watatu. Wizi mtupu, tunanyea debe miaka michache tunatoka. Nikimkuta mtu ndani, mimi naondoka."

"Utaondoka," Vernon alisema, "na saa mgongoni."

Dougie akacheka, makombo yakamtoka.

Saa nne na dakika kumi.

Waliliona jeneza likishuka kilima, gari jeusi mbele, ndugu wakifuata. Wakangoja kona ya mwisho iwameze. Kisha Dougie akalisogeza gari la samani hadi nyuma ya nyumba. Ufunguo ulikuwa chini ya chungu cha maua, kama nyumba zote za bonde lile.

Ndani, ukumbini, mapazia yalikuwa yamefungwa. Kioo cha ukutani kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheusi. Saa ya Sharrow ilisimama pembeni, kimya. Mishale ilionyesha dakika tano kabla ya saa kumi.

"Mbovu?" Dougie alinong'ona.

"Imesimamishwa. Alikufa alfajiri, saa hiyo. Hawaiamshi mpaka azikwe."

"Mnapiga soga," Vernon alisema. "Fanya kazi."

Norris alifanya kazi. Kichwa cha saa hakinyanyuliwi, kinavutwa mbele taratibu kama droo. Akakivuta, akakilaza kwenye blanketi. Sasa uso ulikuwa wazi, mwezi ukitazama gizani kwa mashavu yake mekundu. Akafungua mlango mrefu wa kabati na kuichomoa pendulamu.

"Dougie, usiivute saa kutoka ukutani mpaka niseme. Mashine imekaa juu ya ubao tu, haijafungwa. Ukiitikisa inakuja na uso wake wote."

"Sawa, babu."

Zilibaki silinda mbili za risasi zinazoiendesha saa. Mafundi waliziita mawe, ingawa ni madini tupu, kila moja nzito kama mtoto mchanga, zinaning'inia kwenye nyuzi za utumbo wa kondoo na kuivuta mashine. Norris aliinama akatoa jiwe la kwanza, lile la mwendo. Jiwe la kengele lilikuwa bado linaning'inia.

Dougie hakuwa na la kufanya. Mtu asiye na la kufanya ananyoosha kidole. Akausukuma mshale wa dakika, kidogo tu, kuona kama unakwenda.

Kengele ikalia mara nne, kila pigo likijaza nyumba nzima.

Kisha, jikoni, kiti kikakwaruza sakafu.

Vernon alimshika Dougie shingoni na kumvuta nyuma ya mlango wa chumba cha kulia. Norris alibaki peke yake katikati ya ukumbi, jiwe mkononi.

Edith alikuja taratibu, akishika ukuta, aproni nyeupe juu ya gauni jeusi. Alikuwa kiziwi wa mlango, kiziwi wa simu, kiziwi wa mchungaji. Saa ile alikuwa ameisikia maisha yake yote kwa nyayo za miguu.

"Norris?" alisema. "Mwanangu, nani kakwambia uiamshe? Bwana hajaingia ardhini."

"Samahani, Bibi Edith." Norris aliongeza sauti upande wa sikio zima. "Imeniponyoka. Sikujua kama upo."

"Lazima mtu abaki. Nani angeiamsha wakishamzika? Clifford mwanawe angeivunja, mikono yake kama ya baba yake." Alilitazama jiwe. "Unalitoa la nini?"

"Nyuzi zimechakaa. Clifford kanituma nizibadilishe."

"Leo?"

"Leo."

Alifikiri. Alikuwa amelia, macho yamevimba, hakuwa na nguvu ya kubishana.

"Haya. Simamisha hiyo kengele basi. Nakuwekea chai."

Akageuka. Alikuwa ameshapita, anarudi jikoni kwake.

Ndipo Vernon alipotoka nyuma ya mlango, kimya, akanyoosha mkono. Alilichukua jiwe mkononi mwa Norris kama unavyompokea mtu mzigo njiani. Na mkono wa Norris ukaliachia.

Vernon alipiga mara moja.

Saa nne na nusu.

"Alikuwa anaondoka," Norris alisema. Alikuwa amepiga magoti. Damu ilitambaa kwenye mifereji ya vigae. "Alikuwa anakwenda kuniwekea chai."

"Na kesho angemwambia Clifford kwamba ulikuwa hapa. Ukishikwa wewe, unanitaja mimi. Hesabu rahisi."

"Ulijua kwamba yupo."

"Kiziwi, Norris. Nilijua kuna kiziwi jikoni. Nani angedhani huyu ng'ombe atapiga kengele?"

Dougie alikuwa amejiegemeza ukutani, mweupe kama mshumaa. Aliua ng'ombe kila siku ya kazi. "Mimi nimegusa tu," alisema.

"Anapumua," Norris alisema. "Vernon. Anapumua. Daktari akifika sasa hivi, ataishi. Akiishi, ni debe. Akifa, ni kamba."

"Akiishi anataja. Akifa hakuna aliyeona kitu. Mpaka watu washibe nyama ya matanga, atakuwa amekwisha." Vernon alilifuta jiwe kwa kitambaa cheusi alichokivua kwenye kioo. "Toa hilo la pili. Tunapakia."

Norris hakusogea.

"Au nikuache naye hapa? Watakukuta umepiga magoti hivyohivyo, na hiyo damu kwenye suruali."

Norris akatoa jiwe la pili. Wakapakia. Mashine sandukuni, kabati juu ya mablanketi. Vernon hakukwaruza hata ubao mmoja. Alipopita juu ya Edith aliinua mguu, kama mtu anayeruka dimbwi asichafue kiatu.

Saa tano kasoro dakika kumi.

Norris alifungiwa nyuma ya gari pamoja na saa. Vernon na Dougie walikaa mbele, na kati yao na Norris kulikuwa na kidirisha kidogo. Walishika njia ya machimbo, nyembamba, kuta za mawe huku na huku, kwa sababu wenye msiba walikuwa wameteremka kwa barabara kuu.

Hawakujua jambo moja. Clifford Lumb aliamua asubuhi ileile kwamba baba yake apitishwe kiwandani mara ya mwisho. Wafanyakazi walisimama getini, mashine zikazimwa, ibada ikasogezwa. Na kutoka kiwandani kwenda kanisani, njia ya mkato ni ya machimbo.

Dougie aliliona gari jeusi likipanda kuwakabili. Mbele yake alitembea konstebo, nyuma wafanyakazi wa kiwanda kwa miguu.

"Rudi nyuma," Vernon alisema.

Dougie alisimamisha gari, akazima injini.

"Unafanya nini?"

"Ni jeneza, Vernon." Alikuwa tayari ameshavua kapelo. Alifungua mlango, akashuka, akasimama kando ya ukuta kichwa wazi mvuani, kapelo kifuani. Baba yake alimfundisha hivyo kwa makofi tangu alipojua kutembea. Jeneza likipita unasimama. Hakuna mtu wa bonde lile ambaye angesimama vingine.

"Ng'ombe," Vernon alisema. Lakini macho yalikuwa mengi mbele yao. Naye akavua kofia, akainamisha kichwa.

Kupitia kidirisha Norris aliwaona wote. Alimwona Daktari Farrar kwenye gari la pili, karibu ya kutosha kumpigia mluzi. Angekaa kimya, jeneza lingepenya, na jioni angekuwa mtu huru anayesubiri kusikia kama Edith alikufa upesi au polepole. Angefungua mlango, angenyea debe. Au kamba. Ilitegemea dakika alizozipoteza yeye mwenyewe.

Vernon aligeuka kidirishani. "Ukitoka humo," alisema kwa upole, kichwa bado kimeinama, "tutakuuza sisi kabla hujatuuza wewe."

Norris akasukuma mlango wa nyuma kwa miguu yote miwili mpaka ukafunguka.

"Daktari," alisema akiwa ameshika mlango wa gari la pili. "Bibi Edith. Ukumbini, nyumbani kwa Lumb. Kapigwa kichwani. Anapumua, wahi."

Daktari alitazama suruali yake. Akashuka, akakimbia kupanda kilima.

"Kapigwa na nani?" konstebo aliuliza.

"Vernon Stott. Yule pale."

Vernon alikuwa bado ameinamisha kichwa, kofia kifuani, kama jamaa wa marehemu.

Saa tano na dakika kumi.

Waliliacha jeneza njiani. Wafanyakazi wa kiwanda waliwaleta watatu wote hadi ukumbi wa nyumba ya Lumb wakiwa wamepindwa mikono mgongoni. Pale saa iliposimama palikuwa na alama nyeupe ukutani, ndefu kama mlango.

Daktari alikuwa sakafuni, kichwa cha Edith kimelala juu ya koti lake. Clifford alimshika mkono.

"Yu hai?" Norris aliuliza. "Daktari, yu hai?"

"Nyamaza."

Edith alifumbua macho. Yalizunguka, hayakuona, kisha yakaona.

"Nani kakufanyia hivi, Edi?" Clifford aliuliza, mdomo wake kwenye sikio zima. "Nani?"

Midomo ilihangaika kwanza.

"Norris."

Ukumbi mzima ukamgeukia.

"Bibi Edith, mimi nilikwambia urudi jikoni," Norris alisema. "Ulikuwa unakwenda. Kuna mtu nyuma yako. Waambie kuna mtu nyuma yako."

"Ulikuwa nalo mkononi," Edith alisema. Hakukuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeshangaa bei sokoni. "Jiwe. Nikakuambia nakuwekea chai."

"Kulikuwa na nani mwingine, Edi?"

"Norris tu."

Kisha hakusema tena. Daktari aliweka vidole shingoni mwake, akangoja, akaviondoa. Clifford aliendelea kuushika ule mkono.

Vernon alipumua kwa huzuni, polepole.

"Nilimkataza," alisema. "Nilimwambia, Norris, ni mwanamke mzee, mwache. Sisi ni wezi, bwana konstebo, sikatai. Wauaji sisi siyo."

"Dougie," Norris alisema. "Wewe uliona."

Dougie aliitazama kapelo yake. Aliigeuza ukingo kwa ukingo, kama anayetafuta mshono uliofumuka.

"Dougie, mwanangu. Uliona nani alilishika."

"Alilishika Norris," Dougie alisema.

Ilikuwa kweli. Alilishika, kisha akamwachia Vernon.

Konstebo alipapasa mkanda wake. Alikuwa amekuja kuongoza maziko tu, na alikuwa na pingu jozi moja. Alimtazama Vernon, akamtazama Dougie, kisha akavuka ukumbi na kumfunga Norris.