Kiendeshi Kisicho na Kifaa

Kifaa kisichokuwepo kilituma joto lake: nyuzi thelathini na saba, joto la mtu. Delphine akasoma tena kwenye kioo cha kompyuta.

Mashine ya kumsaidia mama yake kupumua alikuwa ameifufua mwenyewe, humo humo nyumbani kwao, katika mji wa Moncton. Ndiyo kazi yake, kuandika viendeshi, yaani programu ndogo zinazoamsha kila kifaa ndani ya mashine. Navyo huamka kwa kungojana: pampu haianzi mpaka vali iseme tayari, na vali ilikuwa inangoja kipimajoto kilichong'olewa zamani. Ingengoja mpaka kiama, na mama hakuwa na pumzi za kungoja. Basi akafanya wanavyofanya wenzake wote wakibanwa: akaandika kiendeshi cha uongo, kisicho na kifaa nyuma yake, kazi yake kuitikia tu kwamba kipo. Hakujua, maskini, kuwa wako wanaotafuta pa kuitikia.

Tangu hapo chumba kilinuka udongo mbichi, ilhali nje theluji ilifika madirishani.

"Kiondoe," alinong'ona Anselme, mwenzake wa kazini.

"Kimegoma. Mfumo hauondoi kinachotegemewa."

"Anza na vinavyokitegemea, dada. Mama nitamminyia mfuko wa hewa kwa mkono."

Delphine akaondoa kiendeshi cha pampu, akaondoa cha vali. Mashine ikanyamaza, naye akakiamuru kile cha uongo kiondoke, kikakataa, akarudia huku machozi yanamtoka, na kioo kikamjibu vilevile kwamba bado kuna mtegemezi mmoja.

"Nani tena? Si nimetoa vyote?"

 Anselme alikuwa ameuacha mfuko, amerudi nyuma hadi ukutani. Kifua cha mama kilipanda na kushuka chenyewe, kwa mwendo ule ule wa pampu iliyozimwa.

"Ipo amri ya kulazimisha," Anselme akasema kwa sauti ya chini. "Kitatoka kitake kisitake."

"Na mama?"

"Sijui, Delphine."

Delphine akaiandika amri yote, ikabaki kubonyeza. Akamtazama mama yake, mashavu yameingia damu kwa mara ya kwanza tangu augue, akashindwa. Akaifuta herufi kwa herufi.

"Kibaki," akasema. "Mungu anisamehe, kibaki."

Kwenye kioo, wategemezi wakawa wawili. Delphine akataka kumwita Anselme, lakini pumzi aliyoivuta ilikataa kutoka. Ilitoka pale tu ya mama yake ilipotoka, kwa mwendo ule ule wa pampu.