Kanga ya Bi Mkubwa

Benzi jipya lilianza kudai mkanda siku ya tatu. Husseini alikuwa peke yake, akitoka Kwa Mathias, kengele ikalia: abiria wa mbele hajafunga mkanda. Kiti kilikuwa kitupu. Akakigusa. Kilikuwa cha moto, na gari zima lilinukia udi.

Mkewe, Rukaya, alipoinusa harufu ile hakufikiria majini. Alifikiria mwanamke.

"Umempakia nani?"

"Wallahi sijapakia mtu, mama Zawadi."

"Kumbe udi umejifukiza wenyewe!"

Tusimcheke. Miaka kumi na tisa ya ndoa alikuwa akishindana na magari. Baba mkwe, marehemu, aliacha Mabenzi mawili ya kukodisha harusini: la kwanza la vioo vya kuzungusha kwa mkono, la pili la vioo vya kubonyeza. Sasa Husseini kaleta la tatu, mlango unajivuta wenyewe na kiti kinakukanda mgongo. Ya zamani yakafunikwa turubai uani. Hili jipya akaliita Bi Mdogo mbele za watu, akilifuta kwa kitambaa laini. Rukaya hakuwahi kufutwa hata chozi, na wivu ulimchoma.

Ijumaa mchana akapanda mbele mwenyewe, amkomeshe huyo mwanamke. Hawajafika Mlandizi mkanda ukaanza kukaza, kwanza taratibu, kisha zaidi, ukapanda kutoka begani hadi shingoni, na Rukaya akitapatapa akahisi pumzi yenye udi sikioni na uzito wa mtu mzima ukimkalia mapajani, mtu aliyekuja kudai kiti chake, hadi Husseini alipoukata mkanda kwa kisu.

Wakamwita mama yake Husseini, Mwanamvua, kutoka Kurui.

"Kipoza ulitoa?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Kipoza gani, mama?"

"Mwanaume akiongeza mke, mkubwa hupozwa. Baba yako alipoleta la pili, alilipoza la kwanza kwa doti ya kanga. Mkadhani utani. Ya zamani hayana kengele, mwanangu. Huyo Bi Mkubwa alikuwa amekaa kitini siku zote."

Husseini akanunua kanga iliyoandikwa *Hasidi hana sababu*, akaiweka kwenye kiti cha Benzi la kwanza, akafukiza ubani. "Nisamehe, Bi Mkubwa. Wewe ndiye wa kwanza." Kengele ikanyamaza. Mkanda mpya ukafungwa, na harusi ya Jumamosi ikapita salama.

Jumapili asubuhi Rukaya alikuta doti mpya ya kanga juu ya mto wake. Miaka kumi na tisa! Alilia kwa furaha. Akaikata, akajifunga kipande kimoja, cha pili akajitanda, akaenda jikoni.

Mwanamvua aliacha kupepeta mchele.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Mwanao kanipa, mama. Hatimaye."

Mwanamvua aliyasoma maandishi: *Hasidi hana sababu*. "Hakukupa yeye. Na mimi ninayo yangu sandukuni, niliikuta hivyo hivyo juu ya mto wangu baba yako mkwe alipoleta gari. Sijaivaa hata siku moja. Anayeivaa amekubali kupozwa, na kiti cha mke amemwachia mwingine. Nilijua huyo wa garini atakuletea, mwanangu. Nilidhani utaniuliza kwanza."

Rukaya alilivuta fundo kiunoni. Halikufunguka. Alivuta kwa kucha, kwa meno ya uma, na kutoka uani ukasikika mlango wa Benzi jipya ukijivuta taratibu, kisha kengele, kisha sauti ya mumewe, laini kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia tangu aolewe.

"Funga mkanda, mke wangu."

Kengele ikanyamaza.